Asiyeona na Chombo cha Kusikizia: Ni Hisani au ni Haki?

Siku hizi wengi katika mji wetu huwanunulia vipofu, na wazee wasioweza kushika msahafu, vyombo vidogo vya kusikizia Qur'ani, wakitaraji thawabu. Ni jambo zuri, wala hatulilaumu. Lakini lina suala ndani yake ambalo yatupasa kulitazama.

Mzee mmoja asiyeona katika msikiti wetu alipewa chombo cha namna hiyo. Vibonyezo vyake ni vidogo, vyote umbo moja, hata kidole hakivitambui. Akitaka Suratul-Kahf siku ya Ijumaa, humngojea mjukuu wake atoke chuoni amtafutie. Siku moja aliniambia: "Sheikh, Qur'ani nimepewa, lakini ufunguo wake u mkononi mwa mtoto." Aliyempa amepata thawabu yake, inshallah, naye mzee amebaki muombaji vile vile.

Basi tujiulize: tumpapo asiyeona, je, twamfanyia hisani, hata chochote tumpacho kiwe chatosha? Au twamlipa haki yake, ambayo haijalipwa mpaka aweze kuitumia?

Tukikumbuke kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum (r.a.). Alimjia Mtume (s.a.w.) naye yumo katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi, akitumai watasilimu, Mtume akakunja uso, ikateremka Surat Abasa. Kipofu yule hakuja kuomba chakula. Alikuja kutafuta elimu, na Mwenyezi Mungu hakukubali ombi lake lingoje nafasi. Baadaye Mtume alimfanya muadhini, na akamwachia Madina aliposafiri. Na alipoomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kukosa wa kumwongoza, aliulizwa kama husikia adhana. Aliposema husikia, aliambiwa aitikie. Ikiwa sikio lake latosha kumpa wajibu, vipi lisitoshe kumpa haki?

Huenda akasema msemaji: elimu huchukuliwa kinywani mwa sheikh, si katika mashine. Ni kweli. Lakini sisi tuonao pia tulisoma kwa masheikh, kisha tukarudi nyumbani kudurusu vitabuni, na hapana aliyesema kuwa kitabu kimemwondoa sheikh. Chombo hiki ndicho kitabu cha asiyeona.

Atasema mwingine: hayo hayawezekani. Yamekwisha wezekana. Huko Marekani, tangu miaka ya 1930, maktaba ya taifa huwaazima vipofu vitabu vilivyosomwa kwa sauti, kwanza katika santuri, bila malipo. Na mwaka 1966 sheria ikawaingiza na wale ambao miili yao haiwezi kushika kitabu. Vyombo vyao vina vibonyezo vikubwa vya maumbo mbalimbali, na aliyepooza mikono huweza kupata kifaa cha kukiendesha kwa pumzi. Na mwaka 2013, katika mji wa Marrakesh, mataifa yalipatana kuwa haki za wenye vitabu zisiwe kizuizi cha kuwageuzia wasioona vitabu hivyo. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 2017.

Nasi tuna njia yetu ya zamani, nayo ni wakfu. Misahafu ya wakfu imejaa misikitini mwetu, mingine haifunguliwi mwaka mzima. Ni nani aliyeweka wakfu chombo kimoja ambacho asiyeona atakitumia peke yake?

Wala sijitoi katika lawama. Miaka mingi nimesomesha darsa nikisema, "Tazameni ukurasa fulani," na mzee yule ameketi mbele yangu.

Basi, ndugu yangu, utakapo kununua chombo, fumba macho kwanza ukijaribu. Na bora zaidi, nenda dukani pamoja na huyo mwenyewe, achague kwa vidole vyake. Hapo ndipo utakapokuwa umempa Qur'ani pamoja na ufunguo wake.

Wabillahi tawfiq.