ISAKA ALIFUKUA VISIMA
(Somo: Mwanzo 26:12-22)



Isaka alikaa Gerari wakati wa njaa. Visima vya baba yake vilikuwa vimefukiwa kwa udongo, na wenyeji waligombana naye juu ya maji. Hakusema, nchi imekwisha. Alifukua. Wakamnyang'anya, akachimba kingine, na kingine tena, mpaka alipopata nafasi, akapaita Rehobothi.

Na sisi? Tuliokimbia mwaka 1996, tukaanza kurudishwa kutoka Tanzania mwaka 2005, tunasema mashamba hayatutoshi. Ndugu wa Burundi walipofika Lusenda mwaka 2015, tukasema wao ndio wanaomaliza kuni. Basi nauliza: moto wa kila kiangazi katika vilima tunakopanda kuomba, unawashwa na wageni tu? Makala ya sokoni, nani anayachoma? Hapa najua Amina itakuwa ndogo.

Sikieni habari ya Machakos, Kenya, nchi kavu kuliko yetu. Miaka ya 1930 wakubwa wa serikali ya Waingereza waliihesabu kama nchi inayokufa: makorongo, mawe, udongo umechukuliwa na maji. Mwaka 1938 walichukua ng'ombe za watu kwa nguvu. Wakamba wakaenda mpaka Nairobi kulalamika, na Muindi Mbingu aliyewaongoza akahamishiwa Lamu. Mwaka 1932 watu walikuwa kama 240,000. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Nchi ilikufa? Hapana! Walichimba mitaro kukata mteremko, udongo wakautupa upande wa juu, ukawa ngazi. Wamama walifanya kazi kwa vikundi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walipanda miti. Mavuno kwa kila mtu yaliongezeka. Kulazimishwa hakukutosha, kazi ilikwenda mbele zaidi walipochimba kwa faida yao wenyewe.

Mnakuja kuombewa mvua. Tutaomba. Lakini mvua ikija inateremka na udongo mpaka Tanganyika, na maji ya pwani yanakuwa mekundu mbele ya macho yetu.

Neno kwa wenye mashamba. Mama mjane anakodi kipande cha kilima, anachimba mitaro, anapanda miti, muhogo unakuwa mzuri. Ndipo unamwambia atoke, shamba ni lako. Kwa nini achimbe tena mwakani? Soma tena mstari wa 20, uangalie wachungaji wa Gerari walisema nini, halafu uende kwake kabla ya mvua za kwanza mkapatane miaka mingapi atakaa.