Kabla Hujachagua Upinde, Pima Mkono Wako

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Kitui anayeishi Uingereza, alikaa miezi miwili bila kuweza kuvaa koti mwenyewe. Hakuanguka wala hakugongwa na gari. Aliumizwa na upinde alioununua kwa fedha zake, baada ya kufikiri wiki tatu nzima. Ameniruhusu niyaeleze haya ili mwingine asipite njia ile ile. Nami nayaeleza nikijua kwamba, kama ningekuwa dukani siku ile, ningefanya kama yeye.

Alikuwa amejiunga na chama cha walenga shabaha karibu na kwake, akapenda pinde za jadi, zile zisizo na magurudumu wala vyombo vya kulengea. Akatakiwa achague kati ya aina mbili. Upinde mrefu hulingana na kimo cha mtu au kumzidi, umenyooka, ni mwembamba na mwepesi mkononi. Rikevu ni mfupi zaidi, na ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, mbali na mpigaji.

Tofauti hiyo si ya sura tu. Zile ncha zilizokunjwa hufanya upinde uweke nguvu nyingi mapema unapovutwa, hivyo mshale wa rikevu kwa kawaida huenda kasi kuliko wa upinde mrefu wa uzito ule ule. Mshiko wake mzito hupunguza mtikisiko mkononi. Tena rikevu nyingi hufunguliwa vipande vitatu, ukabadilisha vile viwili vinavyopinda na kubaki na mshiko ule ule. Upinde mrefu nao, ijapokuwa hutikisa mkono kidogo mshale unapotoka, ni mtulivu na huvumilia makosa madogo ya kiganja. Kila mmoja una wapenzi wake, na wote wana haki.

Basi tukabishana kwenye simu usiku baada ya usiku. Mimi nilikuwa upande wa upinde mrefu. Nilimkumbusha meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa 1982, ikakutwa na pinde ndefu zaidi ya 130. Wataalamu wanakadiria kwamba nyingi zilihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi kuzivuta. Yeye akaongeza la kwao: Wakamba wanasifika kwa upinde tangu zamani, na mjomba wake aliwinda ujanani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku Kenya mwaka 1977. "Kaka, hii kitu iko kwenye damu," aliniambia. Nikamwitikia.

Katika wiki zote tatu hakuna aliyeuliza swali moja dogo: mkono wako unaweza kuvuta ratili ngapi? Tulishughulika na umbo la upinde, tukasahau uzito wake. Akanunua upinde mrefu wa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Ulikuwa mzuri kweli. Nilipouona kwenye picha nilimwonea wivu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yalitanda mapema, na nawasihi wasomaji wayatazame moja moja.

La kwanza lilionekana siku ile ile. Hakuweza kuvuta akiwa amelenga shabaha. Ilimbidi auelekeze upinde juu mbinguni, arudishe kiuno nyuma, kisha aushushe huku akivuta kwa kishindo. Akadhani huo ndio mtindo wa wakongwe.

La pili, mkono wake wa kulia haukufika kwenye pembe ya mdomo, mahali ambapo vidole hutakiwa kutua kila mara. Ulikomea hewani, mbele ya kidevu. Uzito wa upinde hupimwa ukivutwa inchi 28, sawa na sentimita 71, na kila inchi inayopungua huondoa ratili 2 au 3. Kwa hiyo hata hizo ratili 60 alizolipia hakuwa akizipata. Mishale aliyouziwa ilikuwa na ugumu wa kufaa nguvu kamili. Kwa nguvu zake ilikuwa migumu mno, ikawa inakwenda kushoto siku zote. Yeye akalaumu upepo.

La tatu ni baya zaidi, kwa sababu huingia akilini likakaa. Vidole vyake vilianza kuachia kabla jicho halijatulia. Alikuwa akiona tu rangi ya shabaha, mshale umekwisha kutoka. Mwili ulikuwa unakimbia mzigo, nao ukajizoeza kukimbia. Walenga shabaha wengi duniani wamepambana na kiwewe hiki kwa miaka.

La nne, bega. Lilianza kuuma usiku akilalia upande wa kulia. Kisha akashindwa kufikia kikombe kwenye rafu ya juu. Alijipaka dawa ya misuli akarudi uwanjani Jumamosi.

La tano ndilo linalonisikitisha. Mzee mmoja wa chama alimsogelea, akamnyoshea upinde wa mazoezi wa ratili 28, akamwomba aujaribu mwezi mmoja. Rafiki yangu alishukuru kwa adabu, akaurudisha. Aliona haya kushika upinde ambao wasichana wa sekondari walikuwa wakiutumia. Aliponisimulia, sikumwambia, "Msikilize mzee." Nilicheka naye. Hilo ni kosa langu, nalo nalikiri hapa.

Wiki chache baadaye, katikati ya mvuto, alisikia kitu begani kama kitambaa kikichanika. Daktari alimwambia ameumia kano, akamkataza kabisa kugusa upinde. Hapo ndipo habari ya koti ilipoanza.

Sasa, ndugu msomaji, usiondoke hapa ukidhani nasema rikevu ni bora kuliko upinde mrefu. Ziko pinde ndefu nyepesi, na ziko rikevu za kumvunja mtu. Nasema chagua kwanza uzito, kisha umbo. Kwa mtu mzima mwenye afya anayeanza, ratili 25 hadi 30 zinatosha kabisa. Azima upinde wa chama kabla ya kununua. Uvute mpaka pembe ya mdomo, ushikilie kwa utulivu, kisha uurudishe polepole bila kuachia, kwani kuachia upinde usio na mshale huweza kuuvunja. Rudia mara kadhaa. Mkono ukitetemeka, upinde huo si wako bado. Na mwenye uzoefu akikushika bega kukuonya, simama umsikilize.

Alipopata nafuu, rafiki yangu alimpigia simu mjomba wake Kitui, amweleze yaliyompata. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, huo ulikuwa upinde wako wa ngapi?"

"Wa kwanza, mjomba."

Mzee akanyamaza. Kisha akamweleza kwamba yeye alianza na kijiti cha kupigia ndege, akiwa hajui hata kuchunga mbuzi, na kila alipokua alitengenezewa kingine. Ule upinde wa kuwindia ulimjia akiwa kijana kamili.

Niliposikia hayo nilikumbuka jambo nililolisoma zamani nikalipita. Askofu Hugh Latimer, akihubiri mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1549, alisimulia kwamba baba yake alimnunulia pinde kulingana na umri na nguvu zake, zikiongezwa kadiri alivyokua. Watoto wa kiume wa Wahadzabe, wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, nao hupewa vijipinde vyao wangali wadogo sana. Hata jadi tulizojivunia kwenye simu zilikuwa na kanuni hiyo hiyo, nasi tukachukua sifa zake tukaiacha kanuni.

Siku hizi rafiki yangu hutumia rikevu ya ratili 30, na vidole vyake hufika pembe ya mdomo. Ule mrefu umetundikwa ukutani, umefunguliwa uzi. Ameniambia ataurudia, lakini utakuwa upinde wake wa nne au wa tano.