Furaha Isiyopangwa Mnadani

Furaha ya kweli, kwa mujibu wa mafundisho ya Kikristo, haitokani na wingi wa mali wala haiondolewi na upungufu wake, bali hutokana na uhusiano uliotengemaa kati ya mtu na Mungu, na kati ya mtu na jirani yake. Fundisho hili limezoeleka makanisani, lakini katika wilaya za Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ikiwemo Mnyambe iliyo juu ya uwanda wa Makonde, hujaribiwa upya kila mwaka, kwa sababu kaya nyingi hutegemea zao moja, nalo ni korosho, ambalo bei yake huamuliwa mbali na shamba.

Tangu mwaka 2007 zao hilo limeuzwa mkoani Mtwara kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani utaratibu ambao mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi cha ushirika, akapewa hati ya kiasi alichopeleka, kisha shehena ikanadiwa kupitia chama kikuu, ambacho kwa Newala na Tandahimba ni TANECU na kwa Masasi ni MAMCU. Mwaka 2017 bei ilipanda kupita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za wanunuzi kwa kuwa zilikuwa duni, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, ingawa malipo ya wengi yalichelewa hadi mwaka mwingine. Mkulima aliyepitia misimu hiyo miwili alikuwa mtu yuleyule, mwenye mikorosho ileile na watoto walewale, hivyo kama thamani ya maisha yake ingekuwa katika bei, basi nayo ingepanda na kushuka kwa kauli ya mnunuzi asiyemjua.

Jibu moja linalotolewa siku hizi kwa mahangaiko ya namna hiyo ni fikra chanya, yaani mazoea ya kuitazama hali yoyote kwa matarajio mema. Mafundisho haya yalienezwa sana na mchungaji wa Marekani, Norman Vincent Peale, kwa kitabu chake cha mwaka 1952, nayo yana sehemu ya kweli, kwani aliyekata tamaa hapalilii shamba wala hapulizi salfa kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa unaoharibu maua na majani machanga ya mkorosho. Hatari huanza pale fikra njema zinapogeuzwa kuwa chombo cha kuvutia fedha, kama inavyofanyika katika injili ya mafanikio, ambayo ni mahubiri yanayouchukulia utajiri kuwa ushahidi wa imani. Mahubiri hayo humwongezea maskini mzigo wa pili, kwa kuwa baada ya kukosa mavuno huambiwa kwamba amekosa na imani pia, na humwacha tajiri akidhani kwamba akiba yake ni cheti cha utakatifu.

Mtume Paulo alifundisha jambo tofauti alipowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Aliwahimiza wayatafakari yaliyo ya kweli, ya haki na yenye sifa njema, kisha akaeleza kwamba amejifunza kuridhika katika kushiba na katika kuona njaa. Kuridhika kwake, kwa hiyo, hakukuwa tabia ya kuzaliwa nayo wala kujidanganya kwamba minyororo haipo, bali kulikuwa somo lililochukua muda, na somo hilo lilihusu wingi kama lilivyohusu uhaba. Msimu wa bei nzuri nao ni jaribu, kama unavyoonyesha mfano wa Yesu katika Injili ya Luka kuhusu tajiri aliyepanga kujenga maghala makubwa zaidi, asijue kwamba usiku huohuo roho yake ingetakiwa.

Historia ya imani katika eneo hili inathibitisha kwamba imani haitegemei mali. Jumuiya ya Kikristo ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, ambao wenyewe waliwahi kuhesabiwa kuwa mali ya kuuzwa. Mwaka 1882 makazi yao yalivamiwa na kuharibiwa, lakini Kanisa halikufa. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadri mwaka 1890 na akahudumu Kitangari, wilayani Newala. Watu hao hawakuwa na mali ya kujivunia, lakini waliacha urithi unaoonekana hadi leo.

Hata hivyo, kuridhika si kunyamazia dhuluma. Nabii Amosi aliwalaani waliopunguza vipimo ili kuwameza maskini, na Waraka wa Yakobo unasema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa unamlilia Mungu. Maneno hayo yanaigusa moja kwa moja kangomba, yaani biashara ya kumpa mkulima fedha kidogo wakati wa shida ili alipe kwa korosho nyingi wakati wa mavuno. Wakulima waliokataa bei duni mwaka 2018 walidai haki, na kudai haki si tamaa. Tamaa ni kutaka kupata hata kama jirani anaangamia, au kutumia fedha za msimu kwa kushindana katika sherehe huku ada na chakula cha miezi ya njaa vikisahauliwa.

Mkristo wa Mnyambe, basi, na azipangie fedha za korosho matumizi kabla hazijafika mkononi, amlipe kibarua wake kwa wakati, asitumie dhiki ya jirani kununua zao lake, na amshukuru Mungu mwaka wa bei kubwa na mwaka wa bei ndogo. Bei itaendelea kupangwa na wengine, lakini namna ya kuishi na kile kilichopatikana ni wajibu wa kila mtu mbele ya Mungu.