Daftari la Msiba

Mimi ni katekista hapa Getanuwas, na ndiye ninayeshika daftari la michango ya misiba. Siku ya mazishi husimama na kusoma: fulani elfu mbili, fulani debe la mahindi. Miaka yote niliona kusoma kule ni kuwaheshimu waliotoa.

Mwaka wa ukame mama mmoja jirani yangu aliacha kuja misibani. Akaacha jumuiya, akaacha hata kuteka maji saa wanapoteka wenzake. Wengine wakasema ana kiburi, wengine karogwa. Nilimkuta jioni akipepeta pumba, zile tunazowapa kuku, na kuku hakuwa nao. Nilipomuuliza, alinifungulia viganja vyenye vumbi la pumba.

“Mwalimu, nije na hivi?”

Akasema hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, na akisikia kuna msiba hujifunika blanketi.

Kujitenga kwake kulinikumbusha desturi ya kwetu. Mimi ni Mwiraqw. Zamani kwetu kulikuwa na metimani: nyumba iliyofikwa na kifo ilitengwa, ng'ombe wake hawachangamani na wa wengine, hadi muda upite. Nimewafundisha watoto kwamba lile lilikuwa giza. Lakini metimani ilikuwa na mwisho. Huyu mama alijitenga mwenyewe, na hakukuwa na mzee wa kumtoa.

Desemba 3, 2023, matope ya Mlima Hanang yaliposhukia Katesh, misaada ilikuja kwa malori. Maafa yale yana tarehe. Unga ukiisha kwa mtu mmoja, nani atatangaza?

Tunadhani maskini anaumia kwa kukosa wa kumpa. Mimi naona kinachomnyima usingizi ni kukosa cha kutoa, maana kwetu anayetoa ndiye anayehesabiwa. Je, mbele za Mungu nako husomwa daftari? Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, kimya, na Biblia haisemi walibeba chochote. Walikosea walipofungua mdomo.

Msiba uliofuata sikusoma. Wazee wawili walinuna: watajuaje nani katoa? Yule mama alikuja giza limeingia, akapita nyuma ya nyumba, akasugua masufuria kwa majivu hadi usiku wa manane.

Nimeandika jina lake. Safu ya kiasi nimeiacha wazi, na mtunza hazina kila Jumapili ananidai niijaze.