MLANGO WA SIRI WA YARBUU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Neno "mnafiki" tunatupiana kila siku hapa Kamanyola, sokoni na hata mlangoni mwa msikiti. Je, unajua kwamba wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wamelihusisha na shimo la panya?

Si panya huyu anayetumalizia mpunga wa bonde la Ruzizi. Ni yarbuu, panya mdogo wa jangwani, wa Arabuni na Misri hadi Somalia. Miguu ya nyuma mirefu, ya mbele mifupi mno, naye huenda kwa kuruka. Mchana hujificha shimoni, mlango ameuziba kwa udongo ili joto lisiingie. Usiku hutoka kutafuta mbegu na majani, na maji huyapata humo humo katika chakula. Subhanallah! Imamu Shafi ameruhusu kumla, na Sayyidna Umar alihukumu kwamba aliye katika ihramu akimuua atoe mwana-mbuzi. Basi si kiumbe cha kudharauliwa.

Sasa sikiliza habari za shimo lake. Upande mmoja kuna mlango unaojulikana. Upande mwingine huchimba njia mpaka karibu na juu, akaacha udongo mwembamba tu. Ukipita hapo utadhani ni ardhi tupu. Adui akimjia mlangoni, huupiga ule udongo kwa kichwa, akatokea huko na kukimbia. Waarabu waliuita mlango huo naafiqaa. Ndipo wakasema nifaq, nasi tukapata unafiki: kuingia katika dini kwa mlango huu na kutoka kwa ule.

Yarbuu hana dhambi, anamkimbia nyoka na mbweha. Mimi nilikuwa namkimbia nani? Mwaka jana ndugu wawili wa baba mmoja waligombania mpaka wa shamba. Kila mmoja alinijia usiku peke yake, na kila mmoja nilimwambia: "Haki ni yako, subiri." Nilitaka wote waendelee kunisalimia. Kesi ilipofika kwa shefu, wote wawili walinitaja mimi kuwa shahidi.

Juma lililopita niliwaita pamoja. Niliwaambia nilichomwambia kila mmoja, na kwamba mpaka ni pale penye mwembe, kama marehemu baba yao alivyonionyesha. Mkubwa alinishika mkono. Mdogo tangu siku ile anasali nyumbani. Leo, baada ya swala, nakwenda kwake.

Wabillahi tawfiq.