Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Soma 2 Samweli 23:13–17. Kiu ya Daudi ilikuwa ya kweli, na maji aliyoletewa yalikuwa safi. Tena hatari ilikuwa imekwisha kupita: mashujaa watatu walikuwa wamerudi salama. Kwa nini basi hakuyanywa?

Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, pamoja na wenzake, alifaulu kukuza maabarani seli shina zilizotoka katika viinitete vya binadamu. Seli shina ni seli ambayo bado haijapewa kazi mwilini. Inaweza kuwa ya moyo, ya mishipa ya fahamu, au ya kongosho inayotengeneza insulini. Wagonjwa wa kisukari na waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo walipata tumaini. Lakini ili kuzipata seli hizo, kiinitete chenye umri wa siku tano hivi huvunjwa, na hapo ndio mwisho wake. Vilikuwa viinitete vilivyotungwa nje ya mwili kwa ajili ya wenzi waliotafuta mtoto, vikabaki bila kuhitajika.

Tangu 1996 Bunge la Marekani lilikuwa limekataza fedha za serikali zisigharimie utafiti ambao viinitete vinaharibiwa ndani yake. Ikatafutwa njia: fedha za watu binafsi zigharimie uvunjaji, kisha serikali igharimie uchunguzi wa seli zilizopatikana. Rais George W. Bush, tarehe 9 Agosti 2001, aliruhusu hilo kwa seli zilizotokana na viinitete vilivyoharibiwa kabla ya siku hiyo tu. Mwaka 2009 Rais Barack Obama aliuondoa mpaka huo. Watafiti wawili wa seli shina za watu wazima, James Sherley na Theresa Deisher, wakaenda mahakamani.

Agosti 2010 Jaji Royce Lamberth alizuia fedha hizo. Kwake utafiti huu haukatwi vipande viwili, kwa maana pasipo kuharibu kiinitete hakuna seli za kuchunguza. Aprili 2011 Mahakama ya Rufaa ilitengua zuio hilo, majaji wawili dhidi ya mmoja. Hoja yao kubwa ilisimama juu ya wakati wa kitenzi: sheria ilizungumzia viinitete vinavyoharibiwa, si vilivyokwisha kuharibiwa. Kwa msomaji wa Kiswahili, kesi nzima ilikuwa juu ya -na- na -li-. Jaji wa tatu, Karen Henderson, aliona wenzake wameyapinda maneno. Januari 2013 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo, na fedha zikaendelea kutolewa.

Majaji hawalaumiwi kwa kusoma sheria kama ilivyoandikwa. Ndiyo kazi yao. Hatari huanza dhamiri inapoazima hoja ya mahakama. Soma Mathayo 27:3–7. Makuhani walijua vema kwamba fedha ya damu haiingii hazinani, wakainunulia shamba. Walichunguza sana mahali pa kuiweka. Hawakuuliza ni nani aliyeilipa kwanza.

Upande wa pili nao una Maandiko yake. Katika 1 Wakorintho 10:25–28 Paulo anamruhusu Mkristo ale nyama ya sokoni bila kuuliza ilikotoka. Basi je, mtafiti aliyepokea seli za miaka iliyopita si kama mnunuzi huyo? Huenda, ikiwa ununuzi wake hauleti machinjo mengine. Hapo ndipo mpaka wa 2001, uliodharauliwa na pande zote mbili, ulikuwa na uzito wake: haukumlipa mtu yeyote kwa uharibifu wa kesho. Mpaka ulipoondolewa, -li- ya leo ilikuwa -ta- ya jana.

Wapo wanaojibu kwamba viinitete hivyo vingetupwa hata hivyo. Hoja hiyo isifanyiwe mzaha. Kiinitete kilichogandishwa kisha kikatupwa hakikuokolewa na mtu, na Zaburi 139:13–16 inazungumza juu ya tumbo la mama, mahali ambapo hiki hakikufika kamwe. Lakini kutupa na kutumia si tendo moja. Kitu kikishapata faida, hutafutwa tena.

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, kwa panya, kwamba seli ya kawaida inaweza kurudishwa katika hali ya seli shina. Mwaka 2007 ikawezekana kwa binadamu. Wengi walidhani mabishano yamekwisha. Hayakwisha, kwa kuwa seli zilizotoka katika viinitete bado zinatumika, zikiwemo katika majaribio ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari.

Kwa hiyo swali litafika hospitalini, mbele ya mzazi ambaye hakuvunja kitu na hakuomba kivunjwe. Daudi aliyamwaga maji mbele za Bwana, na kiu ilikuwa yake mwenyewe. Je, angeyamwaga kama mwenye kiu angekuwa mwanawe?