Amana ya Utando

Kipya kinyemi kingawa kidonda, walinena wahenga, wala hawakukosea. Ila cha kale nacho huweza kuwa kidonda kilichofunikwa hariri, na atakaye kujua kwa mizani gani hupimwa ubora wa kitu kinachokuja kushika mahali pa kitu kilichokufa, na akitazame kipaza sauti cha umeme tuli alichokitoa Peter Walker wa Huntingdon, Uingereza, mwaka 1957, ambacho mashabiki wake wangali wakikifufua hata leo.

Ndani yake hamna ile koni ya karatasi iliyozoeleka. Mna utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, uliotandwa baina ya mabamba mawili yenye matundu, ukapakwa dawa ipitishayo umeme kwa ubahili mkubwa, kisha ukatiwa nguvu ya volti zipatazo 6000 katika paneli mbili za sauti nzito, na 1500 katika paneli ya katikati, ya sauti nyembamba. Miaka ikipita, vumbi hupenya, dawa hunyauka, cheche hutoboa. Ndipo mwenyewe huingia katika mtihani wa kutafuta vipuri.

Hapo hukumu hugawanyika. Wapo wasemao kwamba kipuri bora ni kile kilichotoka kiwandani zama zile kikakaa sandukuni bila kuguswa, kana kwamba sanduku ni ngome isiyoingiwa na wakati, kumbe plastiki na gundi huzeeka hata zisipotumika. Wapo na washangiliao utando mpya unaojaa umeme mara moja, wasitanabahi kwamba dawa iliyo nyepesi kupitisha umeme huuachia ukimbie huku na huko kila utando unapopepea kwa sauti nzito, na sauti ikaharibika. Ilhali dawa njema hupokea polepole, na ikishapokea haitawanyi kilichowekwa kwake. Sifa hiyo, kwa mwanadamu, twaiita kutunza amana.

Nani basi awe shahidi? Sikio nalo lina mazoea yake, na aliyeishi miaka ishirini na chombo kilichofifia, akiisikia haki ataiita ukali. Kiwanda cha Walker chenyewe kilijinadi kwa kuikaribia sauti ya asili, nami naona katika neno hilo imo fatua: asili iliyokusudiwa si utando wa kwanza, bali ni koo la mwimbaji na uzi wa fidla, vilivyokuwapo kabla ya chombo; kwa hiyo kipuri cha kale na kipuri kipya husimama mbele ya kadhi mmoja, wala hapana cha kutangulizwa kwa umri.

Basi, ndugu msomaji, nasa sauti ya mtu wa nyumbani kwako akisoma, uitoe kwa pamoja katika kipaza sauti kilichotiwa kipuri na katika mwenzake usiye na shaka naye, nawe uketi katikati: ikiwa sauti itasimama mbele yako bila kuelemea upande, na ukamtambua msomaji kama umtambuavyo akikuita kutoka uani, kipuri hicho ni chema, hata kama kimefanywa jana.